Wateja Wanakutafuta, Mbona Huonekani?

Alhamisi moja jioni niko kwenye foleni ya Mwenge, ile ya kusogea hatua mbili na kusimama dakika kumi, simu ikaita. Shosti wangu wa siku nyingi, fundi wa nguo za kike. Analia. Si kile kilio cha msiba, ni kile cha hasira, mtu anaongea haraka haraka huku anavuta kamasi.

“Shosti, mteja wangu kanitafuta Google, kapiga namba aliyoiona, kapokea mwanamke mwingine. Kaambiwa asipige tena namba ya mume wa mtu!”

Nikanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nikurudishe nyuma kidogo, msomaji wangu, maana hii stori inaanza kwenye mapenzi ndipo inaingia kwenye kompyuta. Mwaka 2017 shosti na mumewe walifungua duka la ushonaji pale Mwenge, barabarani kabisa, kibao kikubwa, vioo mbele. Yeye anakata na kushona, mume anashughulikia mambo ya “kisasa”. Shemeji yetu alikuwa mtundu wa simu. Siku moja akakaa akaliandikisha duka kwenye ramani ya Google: jina, picha mbili, saa za kazi, namba ya simu. Namba yake yeye. Na barua pepe yake yeye. Wakati ule hakuna aliyeona kasoro. Wanaokula sahani moja, nani anauliza kijiko cha nani?

Mwaka 2022 ndoa ikavunjika. Shosti akabaki na vyerehani na watoto, mwenzake akaondoka na gari. Kodi ya Mwenge ikapandishwa, hakuiweza, akahamia Sinza mtaa wa ndani, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Wateja wa zamani walimfuata. Ila wapya? Hakuna. Akadhani ni hali ya uchumi, akadhani ni jicho la watu, hata kwenye maombi akaenda. Kumbe muda wote huo ramani ilikuwa inawapeleka wateja wake Mwenge, mahali ambapo sasa panauzwa makava ya simu, na wale wanaopiga wanapokelewa na bibi mpya wa shemeji. Miaka miwili, jamani.

Ndipo nikaahidi kumsaidia, na ndipo na mimi nikajikuta najifunza vitu ambavyo nilitakiwa kuvijua zamani, mimi na digrii yangu ya mawasiliano.

MJUMBE WA MTAA MZIMA WA DUNIA

Tuelewane kwanza hiki kitu kinafanyaje kazi, maana wengi wetu tunakiona kama uchawi. Google ilianza kama kazi ya shule. Vijana wawili, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mwaka 1996 walikuwa na mtambo wao wa kutafutia waliouita BackRub. Kampuni yenyewe wakaiandikisha Septemba 1998. Wazo lao lilikuwa rahisi kuliko unavyodhani: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zenye heshima, basi huenda una maana. Yaani ni ushuhuda wa majirani.

Sasa mfikirie mjumbe wa nyumba kumi, yule wa zamani anayemjua kila mtu. Mgeni akimuuliza, “Mzee, hapa nitampata wapi fundi wa kushona gauni?” mjumbe anawaza mambo matatu. Nani hapa anafanya kazi hiyo hasa? Nani yuko karibu? Nani anasifiwa? Google nayo, linapokuja suala la biashara za mtaani, inasema wazi kwamba inaangalia hayo hayo matatu: kama unachofanya kinaendana na alichouliza mtu, umbali kutoka alipo, na jinsi unavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha, labda uhame. Mengine mawili yako mikononi mwako.

Lakini mjumbe hawezi kumtaja mtu ambaye hajawahi kujitambulisha kwake. Ndiyo maana kuna hicho alichokiandika shemeji mwaka 2017. Kuanzia 2014 kiliitwa Google My Business, na toka Novemba 2021 kinaitwa Google Business Profile. Mimi nakiita kibao cha duka cha kwenye simu. Hakilipiwi. Narudia kwa herufi kubwa za moyoni: hakilipiwi hata senti.

Nasema hivyo kwa sababu mjini hapa wapo wasanii. Fundi wangu huyo huyo alishapigiwa simu na kijana mwenye Kiingereza kizuri, anajitambulisha anatoka Google, anataka atumiwe pesa kwa simu ili duka “lisifutwe”. Na mwingine akamuahidi kumweka namba moja kwa mwezi mmoja. Mtu akikuahidi namba moja, agana naye kwa heshima. Google wenyewe wanaonya kwamba hakuna anayeweza kuidhamini nafasi hiyo. Matangazo ya kulipia yapo, ndiyo, na huwa yameandikwa kwamba ni ya kulipiwa, lakini kulipia tangazo hakukupandishi kwenye yale majibu ya kawaida yanayofuata chini yake.

UFUNGUO ANAO NANI?

Basi turudi kwa shosti. Jumamosi nikaenda Sinza, tukakaa kwenye benchi la wateja, kwenye meza vipande vya vitenge na chai ya rangi. Tukatafuta jina la duka lake kwenye simu yangu. Likaja, na picha ile ya Mwenge yenye vioo. Alipoiona akageuza uso.

Wazo lake la kwanza lilikuwa tuachane nacho, tufungue kingine kipya. Nikamwambia subiri. Kile cha zamani kilikuwa na maoni ya wateja 41 na nyota nzuri. Hayo maoni ni jasho lake yeye, si la shemeji. Ukifungua kingine unaanza sifuri, na cha zamani kinabaki pale pale kikiendelea kuwapoteza watu, viwili vinagombana. Duka likihama, unabadilisha anwani kwenye kile kile, na sifa zako unahama nazo.

Tatizo, funguo zilikuwa kwa mzee. Mwenye ile barua pepe ndiye mmiliki mkuu machoni pa Google, hata kama hajawahi kutunga uzi kwenye sindano. Njia ipo lakini. Unaingia na barua pepe yako, unabonyeza pale panapouliza kama biashara ni yako, unaomba kuingizwa. Ombi linamfikia mwenye nayo, naye ana siku tatu za kujibu. Akikaa kimya, Google inaweza kukuruhusu uthibitishe mwenyewe kwamba biashara ni yako.

“Kwa hiyo lazima nimuombe?” akaniuliza.

“Unaiomba Google, si yeye.”

“Lakini ataona jina langu.”

“Ataona.”

Akainuka akaenda kumpima mteja kiuno. Alirudi baada ya robo saa, akachukua simu, akabonyeza.

Hapa niseme na wewe unayesoma huku mwenzi wako amekaa pembeni anaangalia mpira. Sikuambii usimwamini. Nakuuliza tu, biashara yenu imeandikwa kwa barua pepe ya nani? Na ukurasa wa Instagram? Na ile laini ya simu wateja wanayoijua, imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kwenye Google inawezekana kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja, na mameneja pia wanaoweza kubadili vitu bila kuwa na mamlaka ya kumfukuza mtu. Mkae mkiwa mnapendana muwekane wote wawili. Ukingoja siku ya kugombana, umechelewa. Na hili haliwahusu wana ndoa peke yao. Nimeona mpwa aliyeandikisha saluni ya shangazi yake akaenda zake masomoni, paswedi kasahau. Nimeona “kijana wa IT” aliyeacha kazi akaondoka nayo kichwani.

USEME KAMA MTEJA ANAVYOSEMA

Tulipokuwa tunasubiri zile siku tatu, tukaanza kuandaa maelezo. Kazi hii ndiyo iliyonifurahisha, maana iligeuka umbea mtupu. Nilimuomba awaulize wateja wake wa siku hiyo: kama usingenijua, ungeandika nini kwenye simu ili unipate? Mmoja akasema “fundi wa vitenge Sinza”. Mwingine “gauni la send off”. Bibi harusi mmoja, “mishono mipya ya kitchen party”. Binti wa chuo, “fundi cherehani karibu nami bei rahisi”. Hakuna hata mmoja aliyetaja “collection” wala “fashion house”, maneno ambayo shosti ameyapigia kibao cha dhahabu.

Unaona pengo hilo? Sisi tunajiita kwa majina ya kifahari, mteja anaandika shida yake. Weka jina lako la kifahari, ni haki yako, lakini kwenye maelezo andika shida ya mteja kwa maneno yake: vitenge, gauni za send-off, kurekebisha nguo iliyobana, sare za kamati. Andika kwa Kiswahili, na kama wateja wako wengine wanaandika kwa Kiingereza, ongeza na hicho. Ila usije ukayarundika maneno hayo kwenye jina lenyewe la duka. Kanuni zinataka jina liwe lile lile lililoko kwenye kibao chako cha mlangoni, na wanaojaza maneno hapo huweza kufungiwa.

Enzi za ujanja wa kurudia neno moja mara hamsini zimepita. Google ilifanya mabadiliko makubwa Februari 2011 yaliyoitwa Panda, yakaziporomosha tovuti zenye maandishi ya ovyo ovyo, na Aprili 2012 yakaja mengine yaliyoitwa Penguin, yakawakamata walionunua viungo na kurundika maneno. Ukikutana na mtu anakuuzia ujanja huo leo, anakuuzia mkate wa wiki iliyopita.

Halafu kuna mambo madogo madogo ambayo watu wanayapuuza. Jina, anwani na namba ya simu viwe sawa sawa kila mahali, Google, Instagram, Facebook, mpaka kwenye kadi. Aina ya biashara uichague kwa uangalifu, maana ndiyo inayomwambia mjumbe wetu wewe ni nani. Fundi akijiandika kama duka la nguo anashindanishwa na Kariakoo nzima. Saa za kazi ziwe za kweli. Kama mwezi wa Ramadhani unafunga saa kumi, badilisha. Mteja aliyetoka Mbagala akakuta kufuli haji tena, na hakulaumu kimoyomoyo, anakulaumu kwa nyota moja.

Kuhusu anwani, mwenzangu, hapa kwetu ndipo penye kazi. Miaka yote tumeelekezana kwa mwembe, kwa msikiti na kwa jina la baa iliyokufa zamani. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, mitaa mingi ikapata majina na nyumba namba, kwa hiyo angalia ile namba iliyopigwa ukutani kwako na uitumie. Kama bado inasumbua, kwenye ramani ya Google bonyeza kidole mahali ulipo hasa, utaona msimbo mfupi wa herufi na namba wenye alama ya kujumlisha. Unaitwa Plus Code, na unaelekeza mpaka mlangoni hata pasipo na jina la mtaa. Sisi tuliandika vyote, na bado tukaongeza “kituo cha Mori, nyuma ya duka la dawa”, kwa sababu dereva wa bodaboda hataki msimbo, anataka duka la dawa.

Na wewe unayeoka keki jikoni kwako? Hutaki watu wasiowajua wajue unapolala, na ni sahihi. Unaweza kuficha anwani ukaonyesha maeneo unayohudumia tu. Utaonekana, na geti lako litabaki siri yako.

“BEI INBOX” NA MAGONJWA MENGINE

Naomba niseme la moyoni. Huu ugonjwa wa kuandika “bei inbox” ndio unaotumaliza. Mtu akitafuta “bei ya kushona gauni”, mtambo utamletea ukurasa wenye bei, basi. Wewe bei yako umeificha. Si lazima utaje kila kitu, sema tu “kuanzia” kiasi fulani. Hofu ya kwamba jirani ataiona bei yako? Jirani anaijua toka zamani, katuma mtu kuuliza.

Na toka Julai 2025, picha na video za wazi za akaunti za kibiashara za Instagram zinaweza kutokea kwenye Google. Kwa hiyo yale maneno unayoyaandika chini ya picha yameongezeka thamani. Ukiandika “Mungu ni mwema” na viemoji vya moto sita, Amina, lakini nani atakupata kwa hayo? Andika: gauni la send-off la kitenge, limeshonwa Sinza, siku tano.

Tovuti je? Kama una uwezo wa kuilipia na kuihudumia, sawa. Ila iwe nyepesi na isomeke kwenye simu, kwani Google siku hizi inaisoma tovuti yako kwa macho ya simu kwanza, si ya kompyuta. Orodha ya bei iandikwe kwa maandishi, usiweke picha ya karatasi. Kwa fundi wa chumba kimoja, mimi nilimwambia asubiri. Kibao cha kwenye ramani kikikaa vizuri, kinatosha kumlipia kodi.

Wengine wataniambia siku hizi akili bandia inajibu kila kitu. Kweli, toka Mei 2024 Google ilianza kuweka majibu ya aina hiyo juu kabisa kwa baadhi ya maswali. Lakini hiyo akili nayo inaokota habari kutoka kwenye yale yale yaliyoandikwa. Kama hujaandikwa popote, haiwezi kukuota.

NYOTA MOJA YA USIKU WA MANANE

Kwenye maoni yale 41, mawili yalikuwa makali. Moja la nyota moja: “Nguo nimepewa siku mbili baada ya shughuli.” Mafundi na ahadi, mnawajua. Shosti alikuwa hajaliona kamwe, maana arifa zilikuwa zinakwenda kwa barua pepe ya yule bwana. Alipolisoma akawaka. “Huyu namjua! Huyu alileta kitambaa Ijumaa anataka Jumapili!” Akataka aandike palepale nikamnyang’anya simu.

Jibu la maoni mabaya haliandikwi kwa ajili ya aliyelalamika, linaandikwa kwa ajili ya wale mia wanaokuja kusoma kimyakimya. Tuliandika mistari mitatu ya kuungama kosa, kuomba radhi, na kusema sasa hapokei kazi ya chini ya siku tano. Na kweli akaacha kupokea, na hilo lilimsaidia kuliko mtandao wote.

Nyota usizinunue. Wala usimpe mteja punguzo ili akusifie. Kanuni zinakataza, na watu wa mjini wanazinusa sifa za kupika. Omba tu, kwa mdomo wako, pale mteja anapojiangalia kwenye kioo na kutabasamu. Saa hiyo hiyo, siyo kesho.

SIKU YA PILI, SAA TANO USIKU

Shemeji alikubali ombi siku ya pili, saa tano usiku. Hakupiga simu, hakutuma ujumbe. Ilikuja tu barua pepe ya Google kwamba ameingizwa. Akanitumia picha yake kwenye WhatsApp bila neno lolote.

Asubuhi tukabadilisha namba, anwani na saa. Mabadiliko makubwa kama anwani Google inaweza kutaka uyathibitishe. Zamani walituma kadi kwa posta na wengi wetu tuliishia hapo, nani ana sanduku? Sisi tuliambiwa tupige video: mtaa unavyoonekana, kibao, vyerehani, na yeye mwenyewe akifungua mlango kwa ufunguo wake. Ile video tuliirudia mara nne. Mara jogoo, mara mwenye duka la dawa anapita na taulo. Ya nne ikakubaliwa baada ya siku chache. Picha ya vioo vya Mwenge tukaiondoa, tukaweka kumi mpya za mchana, moja yake yeye kwenye cherehani, futi shingoni, anacheka.

Mteja wa kwanza kutoka kwenye ramani alikuja Jumanne ile ya pili, mama mtu mzima kutoka Kigamboni, ameshika simu mbele kama dira. Akaingia, akaangalia picha, akamwangalia fundi, akasema, “Ni wewe.” Akaagiza sare za watu kumi na wawili.

Limebaki jambo moja. Mmiliki mpya haruhusiwi kumwondoa wa zamani mpaka zipite siku saba. Mimi nilikuwa nimeziweka kwenye kalenda. Siku ya nane nikampigia kumkumbusha, nikamwambia inachukua dakika moja, bonyeza jina lake, ondoa.

Cherehani ikanyamaza upande wa pili.

“Nitafanya,” akasema. Halafu akaniambia kuna mteja mlangoni, atanipigia.